Ganzi ya goti: Je, ni sindano ipi itakufaa?

Mgonjwa anayetumwa kutoka hapa Mwatate kwenda kupasuliwa goti, iwe ni Voi au Mombasa, huogopa kisu. Msomaji, kinachosumbua zaidi ni usiku wa kwanza baada ya kisu. Sindano ya uti wa mgongo, ambayo hutumiwa sana katika upasuaji wa miguu, huisha nguvu baada ya saa chache. Ndiyo sababu mtaalamu wa nusukaputi huongeza ganzi ya neva: dawa kama bupivakaini hudungwa kando ya neva ili habari za maumivu zisifike kwenye ubongo.

Lakini neva ipi? Goti halitegemei neva moja.

Njia ya zamani ni kudunga neva kubwa ya paja kwenye kinena. Hutuliza vyema maumivu ya upande wa mbele. Ubaya wake ni kuwa neva hiyo hiyo huendesha misuli inayonyoosha goti. Mgonjwa huamka usiku kwenda chooni, goti likakunjika, akaangukia kidonda kibichi.

Njia ya pili hudungwa chini zaidi, upande wa ndani wa paja, katika mfereji unaopitisha neva ambazo kazi yake kubwa ni hisia. Utafiti kwa watu waliowekewa goti bandia umeonyesha kwamba hutuliza maumivu karibu sawa na ile ya kinena, na paja hubaki na nguvu zaidi. Mimi naipendelea hii. Mtu atakayepanda vilima kurudi Wundanyi anahitaji paja lake mapema.

Zote mbili huacha nyuma ya goti bila ganzi ya kutosha. Ukidungwa neva kuu ya nyuma ya paja utapata nafuu, lakini unyayo hulegea, na daktari hawezi kujua upesi kama neva imeumia wakati wa upasuaji. Kwa hiyo siku hizi wengine hudunga dawa kati ya mshipa mkubwa wa damu na mfuko wa goti, wakiongozwa na altrasaundi, au mpasuaji mwenyewe huizungushia kwenye kiungo.

Kuna jambo moja kuhusu majeruhi wa bodaboda. Mfupa wa muundi ukivunjika karibu na goti, misuli inaweza kuvimba ndani ya mguu hadi damu ikashindwa kupita, na ishara ya kwanza huwa ni maumivu makali. Ganzi nzito yaweza kuificha ishara hiyo. Daktari akikataa kukudunga, usidhani anakunyima dawa.

Kabla ya sindano, taja uzito wako, dawa za moyo au za kuzuia damu kuganda unazotumia, na dawa zinazokudhuru. Ukidungwa ukasikia ladha ya chuma mdomoni, midomo ikiwasha au masikio yakivuma, sema papo hapo, kwani huenda dawa inaingia kwenye damu.

Sindano moja kwa kawaida hudumu nusu siku hadi siku nzima, kisha maumivu huweza kurudi kwa kishindo. Meza vidonge ulivyoandikiwa kabla ganzi haijaisha, hata kama wakati huo huhisi chochote. Na usisimame bila mtu wa kukushika hadi muuguzi apime nguvu za mguu wako.