Dondoo Muhimu: Safari za Nyikani kwa Farasi wa Manyoya ya Kujisokota

Farasi wa manyoya ya kujisokota walipata umaarufu Nevada, Marekani, ambako ukoo wa Damele uliwathamini baada ya kuona walivyohimili baridi kali ya 1932. Manyoya yao huwa mazito majira ya baridi na hupukutika kiangazi. Baadhi hupoteza hata singa za shingoni.

Kabla ya kufunga tandiko, sehemu unapopita mkanda wa tumboni hupapaswa kwa mkono. Jicho halitoshi hapa, kwa kuwa mbegu zenye miiba hujificha ndani ya misokoto na kuchubua ngozi mwendo ukianza. Singa hazichanwi zikiwa kavu, maana hukatika na kutimka. Mafundo huachanishwa kwa vidole.

Safari ya baridi ikiisha, farasi hutembezwa taratibu hadi pumzi itulie, kisha husuguliwa kwa taulo, kwani manyoya mazito hushika jasho.

Husifiwa pia kwamba hawasumbui wenye mzio. Wapo wanaopata nafuu, lakini si wote. Mwenye pumu humwona daktari kwanza, kisha hujaribu kukaa na farasi kwa muda mfupi, dawa ikiwa karibu, kabla ya kulipia safari ya siku nzima.