Chokaa Ndani ya Kandirinya: Kuishi na Maji Magumu Unguja

Funua kandirinya au jagi la umeme ambalo halijasuguliwa kwa muda katika nyumba ya Unguja inayotumia maji ya ardhini. Chini pameganda ukoko mweupe, na ukiukwangua kwa kijiko unabanduka vipande vipande. Wengi wakiuona huingiwa na hofu, wakaanza kununua maji ya chupa hata ya kupikia. Pesa hizo zinapotea bure. Ukoko ule ni chokaa, na chokaa ina dawa yake jikoni.

Sehemu kubwa ya kisiwa chetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe na ya chokaa, yale yale yaliyojenga nyumba za Mji Mkongwe na kuchomwa tanuuni kupata chokaa ya kukandikia. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye udongo, huchukua hewa ya kaboni dayoksaidi na kuwa na ukali kidogo, kisha huliyeyusha jiwe polepole yanapopita. Yakifika kisimani yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Sayyid Barghash, aliyetawala mwaka 1870 hadi 1888, alipoyaleta mjini maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu, yalikuwa yamepita kwenye ardhi hii hii. Leo Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, nayo hutegemea chemchemi na visima virefu.

Ugumu hupimwa kwa miligramu za chokaa ndani ya lita moja. Chini ya 60 maji ni laini. Yakipita 180 ni magumu sana. Nyumbani huhitaji kipimo. Chukua chupa mbili safi, moja utie maji ya mvua, ya pili maji ya mfereji, kwa ujazo sawa. Kila moja itilie chembe chache za sabuni ya mche iliyoparuzwa, utikise. Maji ya mvua yatajaa povu mara moja. Ya mfereji, kama ni magumu, yatatoa povu haba na kubaki na ukungu mweupe. Usitumie sabuni ya unga, kwa sababu hiyo hutoa povu hata kwenye maji magumu. Kisha chemsha maji ya mfereji, yaache yapoe na kutulia, mimina ya juu kwenye chupa ya tatu na ujaribu tena. Povu likiongezeka, sehemu ya ugumu wa maji yako ni ile inayoondoka kwa moto, na hapo mambo ni mepesi.

Jikoni ndiko ugumu unakosumbua zaidi. Mbaazi na maharage huchelewa kuiva kwa sababu kalsiamu hukaza maganda, na mpishi humaliza mkaa huku punje bado ngumu. Roweka usiku kucha kwa maji ya mvua, au kwa maji yaliyochemshwa yakatulia, ukiacha machicha meupe chini, na upikie maji hayo hayo. Ule utando unaoelea juu ya chai ya rangi nao unatokana na chokaa; matone ya ndimu huuondoa.

Kusafisha kandirinya, tia siki na maji nusu kwa nusu, au maji ya ndimu kadhaa, pasha moto, acha saa moja, sugua na suuza vizuri. Sufuria za alumini zisikae na siki muda mrefu, kwani hulika. Ukwaju unaosugulia shaba unafaa pia. Usicheleweshe kazi hii kwenye jagi la umeme au hita ya bafuni: ukoko ukinenepa hauruhusu joto kupita, umeme unaliwa zaidi na koili huungua mapema. Kichwa cha shawa kilichoziba kifungue ukiloweke kwenye siki.

Kuna tahadhari mbili. Siki, ndimu au ukwaju visichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kusafishia choo au kutoa madoa, maana hutoka hewa ya sumu inayochoma mapafu. Na visimwagwe kwenye sakafu ya marumaru au ukuta wa chokaa wa nyumba za kale. Asidi inayoyeyusha ukoko huula na ukuta.

Je, maji haya yanaleta mawe ya figo? Swali hili huulizwa kila siku. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, kwa kuwa viwango vya kawaida havijaonekana kudhuru. Kwa joto letu, kunywa maji machache ndiko kunakoweka figo hatarini zaidi. Aliyekwisha kupata mawe amsikilize daktari wake.

Yanayonitia wasiwasi mimi ni mambo mengine mawili. La kwanza ni vijidudu. Jiwe la matumbawe lina nyufa, maji machafu ya vyoo vya shimo hupita upesi, na kipindupindu tunakijua. Maji kuwa magumu au laini hakuelezi chochote kuhusu usafi wake, kwa hiyo ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. La pili ni chumvi ya bahari, hasa pwani, pale kisima kinapovutwa kupita kiasi. Kuchemsha hakuitoi. Maji yako yakibadilika ladha ghafla yakawa ya chumvi, toa taarifa ZAWA.

Kwa kufulia, kuoshea nywele na kupikia mbaazi, mvua ya masika ni neema iliyo juu ya bati lako. Acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na mavi ya kunguru, ndipo uelekeze mlizamu kwenye tangi. Funika kwa mfuniko unaobana na wavu mzuri, maana mbu wa homa ya dengu huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, na chota kwa bomba, usizamishe ndoo.