Dondoo Muhimu: Kulitunza Gari la Peugeot 404

Yeyote aliyejaaliwa kulimiliki gari la Peugeot 404, lile la Kifaransa lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ajue kwamba amekabidhiwa amana.

Nawe ambaye bado hujalinunua, kabla ya kulipa hata senti moja, iname uchunguze chini ya milango na pembe za sakafu, hasa ikiwa gari limekaa pwani, kwa kuwa injini hutengenezeka kwa fundi hodari, lakini bodi iliyoliwa na kutu humaliza mali na subira.

Lililo muhimu kupita yote, na ambalo mafundi wengi wa leo hawana habari nalo, ni difu: ndani yake mna gurudumu la shaba nyeusi linalozungushwa na parafujo ya chuma, basi ukitia oili ya gia yenye salfa kali, shaba ile hulika polepole bila ya ishara yoyote, hata siku moja, ukiwa safarini, meno yakatike. Taka oili isiyodhuru shaba, na umsimamie fundi wewe mwenyewe.

Liendeshe kila juma, kwani likilazwa petroli huchacha tankini na breki hukamata. Nayo furaha ya kubadili gia ubavuni mwa usukani, huku viti laini vikikubeba juu ya makorongo, haipatikani gerejini.

Mipira ya breki na ya rejeta ikizeeka, ibadilishwe ijapokuwa yaonekana mizima.