Anwani Tatu za Baruapepe, Dirisha Moja: Namna ya Kutokosa Arifa ya Zabuni

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inampa mzabuni asiyeridhika na matokeo siku 14 tangu kuarifiwa ili aombe uamuzi huo uangaliwe upya. Siku hizo hazimsubiri aliyesahau nywila ya anwani aliyoandika kwenye fomu.

Na wanaosahau si haba. Chukua mfano wa katibu wa kikundi cha vijana kinachowania ile asilimia 30 ya zabuni iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ana anwani yake binafsi ya Gmail, ya kikundi iliyofunguliwa haraka haraka saiba siku ya usajili, na ya biashara yake ndogo. Husoma ya kwanza kila siku. Nyingine mbili hufunguliwa zikikumbukwa.

Dawa yake ni programu ya baruapepe inayowekwa kwenye kompyuta na kuzikusanya anwani zote mahali pamoja. Mojawapo ni Thunderbird, ambayo hupatikana bila malipo na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ipakuliwe kutoka tovuti yake rasmi pekee.

Programu ikifunguliwa mara ya kwanza, huuliza jina, anwani na nywila. Kwa Gmail, dirisha la Google hujitokeza ili mwenye akaunti aingie na kutoa idhini. Kwa anwani ya kampuni, programu hujaribu kutafuta mipangilio yenyewe. Ikishindwa, aliyeuza huduma hiyo ndiye wa kuulizwa majina ya seva. Kwa kawaida barua zinazoingia kwa IMAP hupitia poti 993, na zinazotoka hupitia 465 au 587. Akaunti ya pili na ya tatu huongezwa vivyo hivyo kwenye mipangilio ya akaunti.

Hapo katikati kuna swali linalowakwaza wengi: IMAP au POP3? Jibu kwa kikundi ni IMAP. Barua hubaki kwenye seva, hivyo mwekahazina akifungua anwani hiyo kwa simu ataona kile kile alichoona katibu. POP3 huzishusha kwenye kompyuta moja, na huenda ikaziondoa kwenye seva. Kompyuta hiyo ikiibwa, barua zimekwenda nayo. Lakini IMAP nayo ina upande wake: barua iliyofutwa kwenye kompyuta hufutika kwenye simu pia.

Anayetumia bando atazame mipangilio ya uhifadhi kabla ya kitu kingine. Thunderbird ikiachwa ilivyo, hupakua barua zote za miaka yote pamoja na viambatisho, na bando la siku linaweza kuisha kabla ya chai ya saa nne. Kuna chaguo la kupakua za siku 30 za karibuni tu.

Kisha ziunganishwe folda, ili barua mpya za anwani zote zionekane katika orodha moja. Urahisi huu una mtego wake. Kabla ya kutuma jibu, sehemu ya mtumaji iliyo juu ya barua itazamwe. Ufafanuzi wa zabuni uliotumwa kutoka anwani binafsi huenda usitambuliwe kuwa wa kikundi.

Programu hii isiwekwe kwenye kompyuta ya saiba wala ya kuazima, kwa kuwa nywila hubaki humo. Hata kwenye kompyuta ya nyumbani, iwekwe nywila kuu. Bila hiyo, yeyote anayeketi mbele ya mashine anaweza kuzifungua na kuzisoma nywila zilizohifadhiwa.

Anwani ya kikundi isiyoingiwa kabisa isiachwe hivyo hivyo. Google inaweza kuifuta akaunti binafsi iliyokaa miaka 2 bila kutumika, pamoja na kila barua iliyomo.