Jiwe Langu Lilikuwa Moja Tu



Vijana wapendwa, juzi hapa Musoma tulikaa vijana wachache tukaangalia filamu ya zamani, Julius Caesar ya mwaka 1953, iliyotokana na tamthilia ya Shakespeare. Kwetu Mara hadithi hii si ngeni. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliitafsiri kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963.

Wakubwa wa Roma wanamuua Kaizari, kila mmoja na kisu chake. Brutus, rafiki yake, anajitetea kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya Roma. Lakini usiku, kambini, wenzake wakiwa wamelala, mzimu wa Kaizari unamjia.

Filamu ilipoisha, kijana mmoja alibaki kimya. Baadaye akanifuata. Ameniruhusu niandike bila kumtaja. Miaka kadhaa iliyopita, kule Bunda, watu walipiga kelele "mwizi!" na yeye akakimbilia. "Frateri, mimi nilirusha jiwe moja tu. Tena sijui kama lilimpata." Yule mtu alikufa. Mpaka leo kijana huyu hapiti njia ile.

Tuseme walikuwa watu mia. Je, kila mmoja ana hatia ya sehemu moja ya mia? Ndivyo tunavyojidanganya. Kwenye tamthilia hiyohiyo, umati unamuua mshairi Cinna kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Kila mmoja anajificha nyuma ya mwenzake, lakini usiku ukifika kila mtu analala na dhamiri yake mwenyewe.

Sasa mtazame Mfalme Daudi (2 Samweli 11–12). Yeye hakurusha hata jiwe. Aliandika barua tu, na Uria akafa vitani kwa mikono ya wengine. Nabii Nathani alipomwambia kwamba mtu huyo ni yeye, Daudi hakusema "tulikuwa wengi". Alikiri kwamba amemkosea Bwana.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Brutus anamsimulia mwenzake habari za mzimu, ila hasemi "nimekosa", na anaishia kujiua kwa upanga. Kusumbuliwa na hatia bado si toba. Mtu anaweza kukosa usingizi miaka kumi na asitubu.

Kanisa linatufundisha mambo matatu ya anayetubu: majuto, maungamo na malipizi (KKK 1450–1460). Mimi frateri siwezi kumwondolea mtu dhambi, kwa hiyo nilimwambia aende kwa padri. Padri hawezi kutoa siri ya maungamo kwa yeyote. Nikaongeza jambo gumu: Kitubio kinaondoa dhambi, lakini hakifuti deni. Marehemu alikuwa na mama. Daudi alisamehewa, na bado alibeba matokeo ya alichofanya. Kwa hiyo amuulize padri afanye nini kuhusu familia ile, na kuhusu sheria.

Kama alikwenda, hilo ni kati yake na Mungu.

Kwako wewe, wiki hii soma 2 Samweli 12 taratibu. Na siku ukisikia "mwizi!", usiiname kuokota jiwe. Piga simu polisi, mwite mwenyekiti wa mtaa, na umzuie rafiki yako aliye karibu.

Je, kuna jiwe ambalo bado unasema lilikuwa moja tu?

Mungu awabariki.