Math-Physique au Bio-Chimie?
Mwongozo kwa mwanafunzi na mzazi wa Kimanga, Uvira

Kijitabu hiki ni cha nani?
Ni cha mwanafunzi anayemaliza mwaka wa 8 na kufanya mtihani wa TENASOSP, na cha mzazi atakayemlipia masomo hadi Examen d'État.

Math-Physique na Bio-Chimie zinatofautiana wapi?
Zote ni njia za sayansi na zote zina hesabu. Shule inapozitenganisha, Math-Physique ina saa nyingi zaidi za hesabu na fizikia kila juma. Limiti, derive na integrali huchimbwa kwa undani. Bio-Chimie huweka mbele biolojia na kemia, na hesabu hupewa saa chache. Jirani zetu Tanzania nao hugawa hivyo: kidato cha 5 na 6, wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) husoma Hisabati ya Juu, wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) husoma BAM (Basic Applied Mathematics) iliyo nyepesi.

Derive ni nini?
Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika hapa Uvira. Tuseme maji yanapanda ukutani kwa kanuni h = 2t² (h ni kimo cha maji kwa sentimita, t ni muda kwa saa). Baada ya saa 3 yamefika sentimita 18, yaani wastani wa sentimita 6 kwa saa. Lakini derive, yaani kasi ya papo hapo, ni 4t: saa ya 3 ikitimia, yanapanda sentimita 12 kwa saa, mara mbili ya ule wastani. Ukitamani kujua hiyo 4t imetokea wapi, Math-Physique inaweza kukufaa.

Jipime kwanza
- Tafuta x: 3(x − 2) = 2x + 5. Ukipata 11 na ukaweza kueleza kila hatua, msingi upo.
- Unalenga uhandisi? Hesabu nyingi itakusaidia. Udaktari au kilimo? Biolojia na kemia ndizo nguzo.
- Uliza shule: inafuata programu ipi, na je, inatenganisha Math-Physique na Bio-Chimie? Ina mwalimu wa hesabu hadi mwaka wa mwisho? Ina maabara?

Mambo ya kuepuka
Usichague kwa kumfuata rafiki wala kwa kutafuta sifa. Mzazi, usimlazimishe mtoto. Na msichana anayependa hesabu asiambiwe kwamba Math-Physique ni ya wavulana.

Bio-Chimie iliyosomwa vizuri ina faida zaidi kuliko Math-Physique iliyoachwa katikati. Kabla ya kumwandikisha mwanao, keti naye pamoja na mwalimu wake wa hesabu, kisha amueni pamoja.