Giaboksi Mpya Yataka Difu Yake

Gari la Subaru Impreza WRX la mwaka 2002, lililouzwa Marekani, lilitengenezwa na giaboksi ya gia tano. Injini ikiongezwa nguvu nyingi, meno ya gia huweza kukatika. Mafundi wengi huiondoa, wakatia giaboksi ya gia sita ya Subaru STI ya mwaka 2004. Lakini difu ya nyuma nayo ni lazima ibadilishwe. Katika difu ya zamani, shafti huzunguka mara 3.54 gurudumu lizungukapo mara moja. Giaboksi mpya yataka mara 3.90. Zisipolingana, magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana, na difu ya katikati huharibika. Basi mwenye gari na ahesabu gharama ya giaboksi na difu pamoja, kabla ya kufungua nati ya kwanza.